Mrejesho: brauni za boksi za siku ya kuzaliwa ya mama

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Wiki iliyopita niliuliza nifanyeje ili brauni za unga wa boksi zifae kwa siku ya kuzaliwa ya mama, maana nikifuata maelekezo ya boksi tu zinanitokea kavu, utamu wa sukari tupu. Asanteni sana, zimependwa!

Badala ya maji niliweka maziwa, badala ya mafuta siagi iliyoyeyushwa, nikaongeza kiini kimoja cha yai na kijiko cha chai cha kahawa ya unga. Kahawa yenyewe huisikii, ila chokoleti inakolea. Nilizitoa kwenye oveni kijiti nilichozichoma nacho kikiwa bado na chembe zenye unyevu. Hilo ndilo lililoondoa ukavu.

Juu sasa! Krimu mililita 200 niliipasha hadi ikakaribia kuchemka, nikaimwagia chokoleti nyeusi gramu 200, nikaacha dakika 2 ndipo nikakoroga. Brauni zilipopoa nikazipaka, nikanyunyizia korosho za kukaanga na chumvi kidogo. Dada uliyesisitiza chumvi, Mungu akubariki, inakata utamu vizuri mno.

Karameli niliyotaka kuongeza juu iliungua, nikaiacha. Mama ameshaagiza nyingine za Idi.