Malalamiko: Gari ni nyeupe ya lulu, mteja anataka weupe wa theluji, na salio langu limekaliwa

Wadau wa picha, habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha maelezo, maana jambo lenyewe limenichosha kwa wiki tatu sasa na sioni pa kulipeleka zaidi ya hapa kwa watu wanaojua maana ya kusimama juani na kamera shingoni.

Yadi moja ya magari hapa Dar es Salaam iliniita mwanzoni mwa Oktoba kupiga picha magari matatu yaliyotoka bandarini: Harrier nyeupe, Crown nyeusi na Prado ya rangi ya fedha. Tulikubaliana picha 10 kwa kila gari, nje, ufukwe wa Coco, kwa shilingi 450,000. Nikapewa 200,000 za kuanzia, na salio la 250,000 lilikuwa lilipwe siku ya kukabidhi kazi. Tuliandikiana kabisa kwenye simu kwamba marekebisho ni mara mbili. Hadi leo ninapoandika, nimeshayarekebisha mara saba.

Naanza na saa. Nilimwomba mwenye yadi magari yafike saa 12 asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Yalifika saa 4, yakiwa bado yanachuruzika maji kwenye vitasa kwa sababu vijana wa kuosha walichelewa kuamka. Anayeishi hapa anajua kwamba katikati ya Oktoba jua la Dar hupita karibu kabisa na utosi wakati wa mchana, na ukipiga gari katika saa hizo boneti na paa huungua kuwa weupe mtupu huku ubavu wote, matairi na rimu vikizama gizani. Hakuna programu ya kuhariri inayoweza kurudisha kitu ambacho kamera haikukinasa. Nikapiga picha za ndani tu, za dashibodi na viti, kisha nikamwomba turudi saa 11 jioni kwa picha za nje. Alikubali kwa kununa.

Jioni ile mwanga ulikuwa mzuri kuliko nilivyostahili. Kwetu huku karibu na ikweta jua likishatua giza halisubiri, una dakika ishirini na ushei tu za anga lenye rangi, na ndani ya dakika hizo nilimaliza Harrier na Crown nikikimbia na kiguu cha kamera mithili ya mtu anayefukuzwa. Prado niliifanya kwanza, jua likiwa bado juu kidogo. Siku tatu baadaye nikakabidhi picha 30 zilizohaririwa, faili kamili, kupitia kiungo cha kupakulia, nikasisitiza kwa maandishi kwamba zitazamwe kutoka humo.

Maoni ya kwanza yalikuja kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nitawanukulia kiini chake: "Mdogo wangu, picha hazina mvuto. Zipe uhai." Hakutaja picha ipi wala gari lipi, na hakusema uhai huo unakosekana kwenye rangi, kwenye mwanga au kwenye pembe niliyosimama. Niliposikiliza mara ya pili nikagundua kwamba nyuma yake kuna sauti nyingine inayomwongoza, na baadaye nikaambiwa ni ya shemeji yake, ambaye anafanya biashara ya simu na kwa hiyo eti anaelewa mambo ya picha.

Nikamwomba kwa heshima anitajie namba ya picha na sehemu inayomkera. Hapo ndipo ikaja hoja ya kwanza iliyo wazi, kwamba katika zile picha za jioni jua halionekani likizama baharini kama alivyoona kwenye picha za mtandaoni. Ndugu zangu, pwani ya Dar es Salaam inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama upande wa mjini, nyuma ya maghorofa, na limekuwa likifanya hivyo tangu kabla ya yadi yake kufunguliwa. Anayetaka machweo ya baharini na apandishe gari kwenye feri hadi Unguja, aende Kendwa au Nungwi. Nilimweleza. Alinijibu kwamba mpiga picha mzuri hakosi namna.

Nataka nitende haki kabla sijaendelea, kwa sababu si kila alichosema kilikuwa upuuzi. Kwenye picha mbili za Crown alilalamika kwamba kioo cha nyuma kina madoadoa kama ngozi ya chui, na alikuwa sahihi. Rangi nyeusi ni kioo cha pili: inakurudishia nguzo za taa, nyaya, wapita njia na wewe mwenyewe ukiwa umechuchumaa, kwa hiyo nilikuwa nimefunga filta ya polaraiza na kuizungusha hadi mwisho ili kuua mng'ao ubavuni. Sasa vioo vya pembeni na vya nyuma vya gari huwa vimekomazwa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, na mkazo unaobaki ndani yake hauonekani kwa macho makavu ila hujitokeza kama safu za madoa ukiutazama kupitia filta hiyo. Kioo cha mbele hakina shida hiyo kwa kuwa kimeundwa kwa namna nyingine, tabaka mbili zilizogandishwa pamoja. Nilipaswa kulegeza filta robo mzunguko, au kupiga picha mbili na kuziunganisha. Sikufanya hivyo. Niliomba radhi, nikasafisha kioo kile kwa saa mbili usiku, na sikudai hata senti. Maoni ya namna ile ndiyo ninayoyataka, kwani mtu amekuonyesha mahali, nawe ukienda pale unakikuta kosa lako.

Lakini ile Harrier! Ile Harrier ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Alisema ni ya njano. Nikapunguza joto la rangi kidogo, yaani nikaivuta picha kutoka kwenye unjano kuelekea buluu. Akasema bado. Nikapunguza tena, hadi mchanga ukaanza kuwa na rangi ya saruji. Akasema bado, na shemeji naye anasema bado. Nikamkumbusha kwamba gari lile halikupakwa nyeupe ya kawaida. Kwenye kibati cha gari namba ya rangi imeandikwa 070, ambayo ni nyeupe ya lulu ya Toyota, si 040 ile nyeupe kavu. Lulu ina tabaka la chembechembe juu ya weupe, kwa hiyo jua la jioni likiipiga huchukua rangi ya maziwa, na ukiiweka kivulini huelekea buluu. Watu wanailipia lulu hiyo fedha ya ziada kwa sababu haikai rangi moja. Mimi niliipiga picha ikiwa inafanya kile ilichoundwa kufanya.

Nilipoona ujumbe wa sauti wa tano umefika, nikapanda bodaboda hadi yadini. Nikamkuta ofisini, feni inazunguka, amefungua picha namba 4 kwenye simu yake. Kweli, gari lilikuwa la njano, tena njano ya samli. Nikatoa simu yangu nikafungua picha hiyohiyo na kuilaza mezani kando ya yake, nikamwomba na dada wa malipo atuwekee ya kwake. Simu tatu, nyeupe tatu. Ya kwangu na ya dada zilikaribiana, ya bosi ilikuwa peke yake. Nikamwomba ruhusa, nikavuta pazia la juu la simu yake, na pale kati ya vitufe kikawa kinawaka kile cha kukinga macho, ambacho huondoa mwanga wa buluu na kukifanya kila kitu kiwe kama kimeangaliwa kupitia chai ya rangi. Nikakizima. Gari likawa jeupe mbele ya macho yetu sote, dada wa malipo akaguna. Bosi akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Simu hii nilinunua Dubai, haina tatizo. Tatizo ni picha." Akakiwasha tena.

Zaidi ya hayo, hakuwahi kufungua kiungo nilichompa. Kijana wake alipakua picha, akazirusha kwa shemeji kwa WhatsApp, shemeji akazirudisha kwenye kundi la familia, na bosi akaziona kutoka huko, zikiwa zimekamuliwa mara tatu hadi rimu zimekuwa kama zimechorwa kwa mkaa. Kisha ananiambia picha zina ukungu.

Kuhusu Prado sitasema mengi, ila hili lazima niliseme. Bampa lake la mbele, kona ya kushoto, lina mkwaruzo wa urefu wa shubiri moja, na chini yake plastiki imeonekana. Aliniagiza niufute. Mimi hufuta vumbi, hufuta tone la maji lililokaukia mlangoni, hufuta kinyesi cha kunguru na nguzo iliyoota juu ya paa. Jeraha la gari linaloenda kuuzwa silifuti. Akaniuliza mbona mabibi harusi tunawafuta chunusi. Nikamjibu kwamba bi harusi hapigwi picha ili mtu aliyeko Mbeya atume fedha kabla hajamwona. Hakucheka. Alisema mpiga picha aliyepita alikuwa anafuta bila kuuliza maswali, jambo ambalo ninaliamini kabisa, na ninyi mnaofanya hivyo mjue kwamba ndio mnaotuharibia wengine.

Kilichofuata ndicho kilichonivunja. Jumatatu asubuhi nikaona picha zangu zimewekwa kwenye ukurasa wa yadi, zile ambazo hazijalipiwa, zikiwa zimepitishwa kwenye filta ya simu iliyoifanya Harrier kuwa jeupe kama jokofu, mchanga kuwa wa zambarau na minazi kuwa ya buluu. Mkwaruzo wa Prado umepakwa kwa kidole, ukiacha doa laini kama mtu amepumulia kioo. Na chini ya picha zote limeandikwa jina langu la kazi, eti mpiga picha ni huyu. Maoni ya watazamaji yakaanza kumiminika, na hayakumgusa yeye. Mmoja aliuliza kama nilipiga picha nikiwa nimevaa miwani ya kuchomelea. Mteja wangu wa harusi ya Desemba akanitumia picha hiyo bila neno, akiambatanisha alama moja tu ya kuuliza.

Najua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa, na najua COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ipo. Najua pia kwamba kumfikisha mtu huko kwa salio la 250,000 kutanigharimu nauli na siku za kazi. Kwa hiyo nilimwandikia ombi moja tu: ama aziondoe picha zile, ama aondoe jina langu. Aliondoa jina kwenye ya Prado peke yake.

Sasa ninawauliza mlio na uzoefu. Je, mnakabidhi picha zenye alama ya maji, yaani jina lako lililochapwa kwa ufifi juu ya picha, hadi salio litakapolipwa, hata kama mteja atalalamika kwamba alama inamzuia kuona? Je, kuna anayemlazimisha mteja kuja kutazama kazi kwenye skrini yake mwenyewe, ofisini, kabla ya kutoa maoni, na je wanakubali? Na neno marekebisho mnaliandikaje ili lisimeze kila kitu, maana mimi niliandika "mara mbili" nikidhani inajieleza, naye anasema kila gari lina zake mbili na kila anayetazama ana zake?

Jana jioni dada wa malipo alinipigia kwa siri kunijulisha kwamba Harrier imeuzwa. Mnunuzi alifika akiwa ameshika simu yenye picha namba 4, ile ya kwangu, ya jioni, kabla ya filta, ambayo kijana wa yadi alikuwa amemtumia moja kwa moja kutoka kwenye kiungo. Asubuhi hii bosi ameniandikia ujumbe, nikadhani ni wa salio. Ulisema: "Mdogo wangu, ile nyeupe bado naiona ya njano kidogo. Ukipata muda iangalie."