Sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito na homa ya virusi: nichome au niahirishe?

Mtulivu (Jumamosi, asubuhi)

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Mimi ni mwanamke wa miaka 46, ninatumia semaglutaidi, ile inayouzwa kwa jina la Wegovy, kwa ajili ya kupunguza uzito. Nimefika dozi ya miligramu 1.7 na siku yangu ya kuchoma ni Jumapili. Nimeshikwa na homa, nimepimwa na kuambiwa kuwa ni virusi vya influenza. Mwili wote unauma, na tangu jana usiku nimeanza kutapika na kuharisha, ingawa si mfululizo. Maji ninakunywa, lakini kwa kujilazimisha, kwa sababu kiu yenyewe siisikii.

Kesho ndiyo siku ya sindano. Rafiki mmoja ameniambia nisiruke hata dozi moja, kwa kuwa nikiruka nitalazimika kuanza upya na miligramu 0.25 na uzito wote utarudi. Mwingine ananiambia niache kabisa mpaka mwezi ujao. Zaidi ya hayo, ninatumia kidonge cha shinikizo la damu chenye losartani pamoja na dawa ya kukojoza maji, na nyumbani nina ibuprofeni ambayo nilitaka kuinywa kwa ajili ya maumivu. Naomba mwenye ujuzi anieleze kipi kinafaa na kwa nini. Daktari wangu hapatikani hadi Jumatatu.

MfamasiaWaZamu

Pole sana, dada Mtulivu. Nianze na lile linalokupa hofu kuliko yote, kisha nije kwenye lile ambalo kwa maoni yangu ndilo la kuhofia.

Dozi moja ikirukwa hakuna kinachoharibika. Semaglutaidi hukaa mwilini muda mrefu sana: huchukua takriban siku 7 kwa kiasi kilichomo kwenye damu kupungua kwa nusu, na hupita wiki tano au zaidi baada ya sindano ya mwisho kabla haijaisha kabisa. Maana yake ni kwamba hata usipochoma kesho, bado unayo dawa ya Jumapili iliyopita na mabaki ya zile zilizoitangulia. Hutaanza upya na miligramu 0.25 kwa sababu ya wiki moja. Suala la kushusha dozi huja pale mtu anapokosa sindano mbili au zaidi mfululizo, na hata hapo ni uamuzi wa kuzungumza na aliyekuandikia dawa, kwa sababu tumbo lililoanza kusahau dawa linaweza kukasirika likirudishiwa dozi kubwa ghafla.

Jambo hilohilo la dawa kukaa muda mrefu lina upande wake wa pili, nao watu wengi huusahau: kuahirisha sindano ya kesho hakutaondoa kichefuchefu cha leo. Kinachofanyika ni kutoongeza. Baada ya kuchoma, kiwango cha dawa kwenye damu hupanda na kufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, yaani ukichoma kesho kilele kitakukuta katika siku zilezile ambazo virusi navyo vinakusumbua. Kwa mtu anayetapika na kuharisha kama wewe, mimi ningesema uahirishe. Angekuwa na mafua ya kawaida, pua inatoka maji lakini anakula na kunywa vizuri, nisingeona sababu ya kuiacha.

Sasa hofu ya kweli. Umeandika kwamba kiu huisikii, na mimi sentensi hiyo imenishtua kuliko homa yenyewe. Dawa za kundi hili hupunguza njaa, na kwa baadhi ya watu hupunguza pia hamu ya kunywa. Mgonjwa wa kawaida mwenye homa huamshwa na kiu usiku akatafuta maji. Wewe unaweza kulala hadi asubuhi mwili ukiwa unakauka na usishtuke. Ukijumlisha homa, kutapika, kuharisha na kidonge kinachokojoza maji, figo ndizo zinazobeba mzigo. Watengenezaji wenyewe wa dawa hizi wameweka onyo kuhusu kuumia kwa figo kunakotokana na upungufu wa maji, na mara nyingi watu waliopatwa na hali hiyo walikuwa na kichefuchefu, kutapika au kuharisha.

Kwa hiyo kunywa kwa saa, usisubiri kiu. Chukua pakiti ya ORS uchanganye na maji safi lita moja kamili, si kwenye glasi, kisha unywe mafunda mawili matatu kila baada ya dakika chache. Ukitapika, pumzika kama dakika kumi, halafu uendelee taratibu. Mchanganyiko huo umwagwe baada ya saa 24 na utengenezwe mwingine. Kama pakiti hakuna, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi vitafanya kazi kwa dharura. Soda na juisi zenye sukari nyingi ziepuke wakati unaharisha, kwani huvuta maji kuingia kwenye utumbo na kuzidisha hali. Angalia mkojo kila uendapo chooni: ukiwa na rangi ya manjano hafifu uko salama, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi na kidogo, bado hujafikisha.

Ibuprofeni iache kabisa kwa sasa, pamoja na diklofenaki na ndugu zake. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na zikikutana na losartani na dawa ya kukojoza maji ndani ya mwili uliokauka, zinakuwa tatu zinazoliandama figo moja kwa wakati mmoja. Tumia parasetamoli, isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na kwa mtu ambaye hajala chochote ni busara kubaki chini ya hapo. Soma pia maandishi kwenye dawa yoyote ya mafua uliyo nayo, kwa kuwa nyingi zina parasetamoli ndani yake na mtu huzidisha bila kujua.

Kipimo

Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Nilipata COVID nikiwa kwenye dozi ya juu kabisa, nikachoma kama kawaida na hakuna lililotokea. Naona watu wanatishana bure, mtu akianza kuruka leo kwa mafua, kesho ataruka kwa safari.

MfamasiaWaZamu

Ndugu Kipimo, sidhani tunapingana. Je, ulikuwa ukitapika? Kama ulikuwa na kikohozi na homa lakini chakula kinashuka na kukaa, hata mimi ningekuambia uchome. Kinachoamua si jina la kirusi, ni hali ya tumbo na maji mwilini.

Kipimo

Sikutapika, ni kweli. Basi nakubali.

MuuguziWaUsiku

Naomba kuongeza kuhusu kidonge cha shinikizo la damu, kwa sababu kimeguswa kwa mbali tu. Mahali pengi wagonjwa hupewa maelekezo ya siku za ugonjwa, yanayosema kwamba mtu akitapika au kuharisha kiasi cha kushindwa kufidia maji, baadhi ya dawa husimamishwa kwa muda na kurejeshwa baada ya saa 24 hadi 48 za kula na kunywa vizuri. Dawa za jamii ya losartani, za kukojoza maji, pamoja na metformini kwa wenye kisukari, zimo katika orodha hiyo. Lakini usijiamulie peke yako, dada. Ukiwa na moyo dhaifu au ugonjwa mwingine, hesabu hubadilika. Huna haja ya kusubiri Jumatatu kwa swali la namna hii. Piga simu kituo chochote cha afya chenye zamu au duka la dawa lenye mfamasia, uwasomee majina ya dawa zako zote kutoka kwenye pakiti. Kama una mashine ya kupimia presha nyumbani, pima ukiwa umekaa, kisha pima tena baada ya kusimama. Presha ikishuka sana ukisimama na kizunguzungu kikakushika, hiyo ni taarifa ya kumwambia huyo utakayempigia.

Kwa wasomaji wengine wenye kisukari wanaotumia sindano hizi: anayechoma insulini au kumeza dawa za jamii ya gliklazidi anaweza kushukiwa na sukari asipokula, kwa hiyo apime mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini hata kama hali chakula. Na anayetumia dapagliflozini au empagliflozini aulize mapema kuhusu kuisimamisha, maana dawa hizo zinaweza kuleta asidi ya ketoni kwenye damu hata kama kipimo cha sukari hakionyeshi namba ya kutisha.

Kisha kuna dalili ambazo hazifai kuandikiwa hapa wala kusubiriwa majibu. Maumivu makali ya tumbo la juu yasiyokoma, hasa yakipenya hadi mgongoni, yanaweza kuwa ni kongosho. Maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na homa au macho kuwa ya manjano yanaweza kuwa ni nyongo, na watu wanaopungua uzito haraka hupata mawe ya nyongo zaidi ya wengine. Shida ni kwamba mtu aliyekwisha kuambiwa ana virusi huelekea kusingizia virusi kwa kila kinachomuuma. Vilevile nenda hospitali usipopata mkojo kwa nusu siku, ukishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, ukichanganyikiwa, ukipumua kwa shida, au ukitapika damu. Ukifika huko, sema mapema kabisa kwamba unatumia sindano hii na ulichoma lini mara ya mwisho. Dawa huchelewesha chakula kutoka tumboni, na endapo utahitaji usingizi wa upasuaji, daktari wa usingizi lazima alijue hilo.

BintiWaPwani

Mimi natumia tirzepataidi, yaani Mounjaro, na naomba nitaje tofauti ili asije mtu akabeba maelezo ya semaglutaidi akayatumia kwake. Hii hupungua kwa nusu katika siku kama 5, na ukiikosa, maelekezo yake yanaruhusu kuichoma ndani ya siku 4 tangu siku yako. Zikipita, unasubiri siku yako inayofuata. Kati ya dozi mbili zisipungue siku 3. Wanaotumia liraglutaidi ya kila siku wao hawana hesabu hizi, kwa kuwa yao huisha mwilini haraka. Lakini wakikosa zaidi ya siku tatu waulize kabla ya kurudi kwenye dozi kubwa.

Jambo jingine ambalo wanawake wenzangu hawaambiwi ni vidonge vya uzazi wa mpango. Ukitapika ndani ya saa tatu tangu ukimeze, kihesabu kama hukukimeza. Na kwa tirzepataidi hasa, hata bila ugonjwa wowote, inashauriwa kutumia kondomu kwa wiki 4 baada ya kuanza dawa na baada ya kila kupandisha dozi.

Mtulivu (Jumanne, jioni)

Nawashukuru sana nyote. Sikuchoma Jumapili. Nilipiga simu kituo cha afya, wakaniambia nisimamishe kidonge cha presha hadi nile vizuri kwa siku nzima, nami nimefuata. Kutapika kumekoma tangu jana, nimeanza kula supu nyepesi na leo nimeongeza mayai. Mizani inaonyesha nimepungua karibu kilo mbili, na nakiri nimefurahi kidogo. Sasa nifanye nini kuhusu sindano?

MfamasiaWaZamu

Nafurahi kusikia hivyo, ila furaha ya hizo kilo mbili naomba niipunguze. Sehemu kubwa ni maji, na kwa mtu aliyelala kitandani bila kula, msuli nao huchangia. Mayai ni mwanzo mzuri. Zidisha protini kadiri tumbo linavyokubali, na usishangae mizani ikipanda tena wiki hii. Hayo si mafuta yanayorudi.

Kuhusu sindano, hesabu ya semaglutaidi ni hii: ukikosa siku yako, unaweza kuchoma mara upatapo nafasi iwapo dozi inayofuata iko mbele kwa zaidi ya saa 48. Kwa kuwa siku yako ni Jumapili, una nafasi mpaka Ijumaa kabla ya saa unayochoma kwa kawaida. Ikipita hapo, acha hadi Jumapili. Kwa vyovyote vile usichome mbili kwa pamoja ili kufidia. Ningekuwa wewe ningesubiri Alhamisi, nihakikishe siku mbili zimepita nikila milo ya kawaida bila kichefuchefu, kisha nichome ileile miligramu 1.7. Baada ya hapo una hiari ya kurudi Jumapili yako au kuigeuza Alhamisi kuwa siku mpya. Kwa tumbo lililotoka kuugua, mimi ningechagua Alhamisi, ili wiki nzima ipite kabla ya dozi nyingine. Kama ulipangiwa kupanda hadi miligramu 2.4 wiki hizi, omba kuisogeza mbele.

Mtulivu

Nilipangiwa kupanda wiki ijayo. Nitamwomba daktari aisogeze, na kuhusu kidonge cha presha nitampigia kesho asubuhi anithibitishie siku ya kukirudisha.