Moduli tulizozilipia zimetoweka baada ya kuwekewa toleo jipya, na wakala anataka tuzinunue upya

Wakuu,

Ofisi yetu iko Dodoma, na tunachora matangi ya maji, njia za mabomba na kenchi za chuma kwa majengo yanayojengwa kuanzia Mtumba hadi Ihumwa. Tulinunua programu ya uchoraji wa kihandisi pamoja na moduli mbili, yaani sehemu zake za ziada, ya mabomba na ya kukunja bati, tukalipia na matengenezo ya mwaka mzima, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani. Tangu tuwekewe toleo jipya, moduli zote mbili hazipo. Vitufe vyake vimefifia, na mchoro wa tangi ukifunguliwa unaonekana tu, hata unene wa bati haubadilishiki.

Hitilafu tungeivumilia, majibu ya wakala hayavumiliki. Kwanza alituambia tufute programu na kuisimika upya, ushauri usio na maana kwa leseni yetu ya mtandao, ambayo haikai kwenye kompyuta ya mchoraji bali kwenye seva, ndani ya faili lililofungwa kwa anwani ya kadi ya mtandao ya seva hiyo. Katika faili hilo kila moduli ina mstari wake, wenye jina, toleo, tarehe ya mwisho, idadi ya watumiaji na saini inayozuia mtu yeyote kuuhariri. Nimelifungua faili la zamani na jipya nikayalinganisha: la zamani lina mistari ya mabomba na bati, jipya halina. Seva haiwezi kumpa mchoraji kitu ambacho hakikuandikwa humo, kwa hiyo kosa ni la aliyetoa faili, hata tukisimika programu mara mia.

Tulipompelekea ushahidi huo, akageuza maneno: eti moduli hizo zimehamishiwa kwenye kifurushi cha juu, basi tukinunue. Mkataba wetu unazitaja kwa majina, na hauna kifungu kinachomruhusu muuzaji kuzihamisha katikati ya muda tuliokwisha kuulipia!

Kurudi toleo la zamani hakusaidii, kwa maana michoro iliyohifadhiwa kwa toleo jipya haifunguki huko, na tukiipitisha kwenye faili la STEP, aina ya faili ya kuhamishia michoro kati ya programu, tunapata umbo tupu, bila hatua zilizolijenga. Wakati huo mafundi wa mkandarasi wanasubiri michoro ya kukatia bati, na jengo lisilo na tangi halikabidhiwi.

Ninadai faili jipya la leseni lenye mistari miwili iliyoondolewa, na muda wa matengenezo uongezwe kwa kipindi chote ambacho moduli hazikufanya kazi. Barua rasmi nimekwisha kuipeleka, ikiwa na ankara, risiti za EFD na mafaili yote mawili. Ofisi iliyowahi kurejeshewa moduli zake naomba ieleze kama ilipitia kwa wakala au ilikwenda moja kwa moja kwa mtengenezaji, kwa sababu wakala wetu anakataa kutupa hata namba ya lalamiko analodai kuliwasilisha huko.