Naomba ushauri: nyota angavu za Kilimia zinatoka pembetatu

Wakuu, habari zenu. Napiga picha za Kilimia kwa darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 200, f/5 (urefu wa fokasi ni mara tano ya kipenyo), na kamera ya CCD (kihisi cha picha cha kielektroniki) iliyopozwa hadi nyuzi -15. Nyota hafifu ni duara safi, ila zile kubwa, hasa Alcyone, zina pembe tatu, hata katikati ya picha. Nimerudia kufokasi. Nimepunguza muda kutoka sekunde 300 hadi 60; zimepungua ukubwa, umbo ni lile lile. Nilipozungusha kamera nyuzi 90, pembe nazo zilihama ndani ya picha (zingekuwa za kamera zingebaki palepale), kwa hiyo kamera siishuku sana. Usiku wa baridi ndiyo balaa zaidi.

Je, yawezekana vibanio vinavyoshikilia kioo kikuu cha darubini vimekazwa mno? Na nivilegeze kiasi gani bila kioo kuanza kucheza?