Chupa ya Mtaliano ya pombe ya cheri, hii inanywewaje?

dogo_wa_maweni
Wadau salama? Kuna mzee Mtaliano hapa Malindi namtunzia nyumba, juzi akisafiri kaniachia chupa ya Luxardo Maraschino, imevalishwa majani yamesukwa kama ukili, eti ni ya cheri. Sasa mi najua cheri ni nyekundu na hii nyeupe pee, nimeonja ni tamu halafu inachoma, harufu kama lozi hivi. Jumamosi nina wageni, niwamiminie tu kwa glasi ama?

kaunta_kaunta
Weee glasi usithubutu, hiyo ni asilimia 32 na sukari juu yake, watu watalala hapo hapo. Nimekaa kaunta za hoteli huko Casuarina miaka, hiyo chupa inatumika kwa kijiko. Weupe wake ni hivi, wanachukua cheri chachu zinaitwa marasca wanaziloweka kwa spiriti pamoja na kokwa, majani na vijiti, kisha wanachemsha kwenye mitungi ya shaba na kukinga ule mvuke ukipoa, kwa hivyo rangi inabaki mtungini, na hiyo harufu ya lozi ni ya kokwa. Kampuni yenyewe ilianzia Zara mwaka 1821, mji wa bandari ambao leo ni Zadar, Kroatia, vita vya pili vya dunia mabomu yakamaliza kiwanda, wakaanza upya 1947 Torreglia karibu na Padova. Hayo majani yalikuwa ya kukinga chupa zisivunjike melini.

Jumamosi fanya hivi: ramu nyeupe mililita 60, maji ya ndimu mililita 20, maji ya balungi 15, maraschino 15, barafu kibao, tikisa mpaka mkono ugande, chuja. Ukizidisha maraschino utasikia manukato tupu.

mpishi_wa_villa
Kaka hapo juu kasema kweli ila kwangu mimi utamu wake uko kwa matunda. Wataliano wanaita macedonia, kata nanasi, embe na papai (papai liwe gumugumu, likiiva sana linakuwa uji), kamulia ndimu, sukari kidogo sana, vijiko viwili vya chai vya hiyo kitu kwa bakuli la watu wanne, funika weka friji kama saa moja hivi. Nanasi ndilo linashika harufu kuliko yote, ndizi tia mwisho kabisa wakati wa kuandaa maana inapiga weusi. Ama dondoshea aiskrimu ya vanila, basi.

binti_amu
Assalaam aleykum. Sisi huku Lamu hatutumii, lakini nikija Malindi wanangu wanapenda zile aiskrimu zenye cheri nyekundu juu, zina hiyo pombe??

kaunta_kaunta
Waaleykum salaam dada. Zile nyekundu za kopo mara nyingi ni sukari na rangi tu, lakini kuna wapishi wanamwagia maraschino juu na haipikwi, kwa hivyo pombe iko palepale. Uliza kabla hawajaweka, na aiskrimu ya matunda pia uliza.

dogo_wa_maweni
Shukran sana wakubwa. Balungi sijaliona sokoni wiki hii, chungwa litafaa?

kaunta_kaunta
Chungwa tamu sana, ongeza ndimu.

mpishi_wa_villa
Na chupa usiweke friji, dogo, kabatini tu, funga kizibo vizuri sisimizi wasiingie 😂