Kina Stauffenberg: mashujaa, au waliamka meli inazama?

Kibarazani: Julai 20, 1944 Kanali Claus von Stauffenberg aliacha mkoba wenye bomu chini ya meza ya Hitler kule Wolfsschanze, makao yake makuu ya vita Prussia Mashariki. Wakafa watu wanne, Hitler akatoka na majeraha madogo. Leo Wajerumani wanamuenzi yeye na maofisa wenzake wa njama. Mimi sikubali. Ufaransa ilipoanguka 1940 walikuwa wanapongezana, wakashtuka Mrusi alipokaribia. Georg Elser alijaribu kumuua Hitler 1939, na alikuwa seremala tu.

Mstaafu: Nimevaa sare miaka 22, kwa hiyo maneno haya yananiuma. Jeshi lile liliapa kwa Hitler mwenyewe, kwa jina lake. Kukivunja kiapo vitani si mchezo. Na Tresckow, ofisa mwenzao wa njama, alitega bomu kwenye ndege ya Hitler Machi 1943, likagoma kulipuka. Umeliruka hilo.

Binti Tanga: Stauffenberg si ndiye alikuwa hana miguu?

Mstaafu: Miguu alikuwa nayo, dada. Vita vya Tunisia vilimchukua jicho la kushoto, mkono wa kulia na vidole viwili vya kushoto. Alitega kwa vidole vitatu, akakatizwa, akawahi bomu moja kati ya mawili. Kisha ofisa mwingine akausogeza mkoba nyuma ya mguu wa meza, ukamkinga Hitler.

Mzee wa Randa: Kibarazani, "seremala tu" ndiyo nini? Baba yangu alisomesha watoto sita kwa randa na patasi. Elser alijificha usiku zaidi ya 30 katika ukumbi wa Munich ambamo Hitler angehutubia, akichimba nguzo kwa mkono, akaunganisha saa zake mwenyewe. Bomu lililipuka kwa wakati aliopanga. Hitler alikuwa ametoka dakika 13 kabla. Makanali wako na majenerali wao walifanya lipi kwa usahihi huo?

Kibarazani: Mzee, mbona tuko upande mmoja? Nilikuwa namsifu.

Mzee wa Randa: Humsifu mtu kwa "tu".

Binti Tanga: Bomu la Elser liliua watu wanane, mmoja mhudumu wa ukumbi. Huyo alimkosea nani?

Mstaafu: Na mwandishi wa kumbukumbu za mkutano alikufa kwenye lile la Stauffenberg. Hakuna bomu linalochagua.

Binti Tanga: Basi msiwaite mashujaa wote wawili. Arthur Nebe naye alikuwa kwenye njama ya 1944, na huyo aliongoza kikosi kilichoua Wayahudi maelfu kule Belarusi. Naye tumuenzi?

Mstaafu: Nebe simtetei. Mimi namtetea Stauffenberg, aliyepigwa risasi usiku uleule Berlin.

Mzee wa Randa: Elser walimfungia zaidi ya miaka mitano, wakamuua kwenye kambi ya mateso ya Dachau Aprili 1945, vita ikikaribia kwisha. Hakuwa na kikosi wala simu ya kumwita mtu. Kibarazani, ile "tu" bado naisubiri uifute.