Mdogo wangu anakwenda Newcastle: ni kweli Waingereza hawasalimiani?

BintiNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kiume kapata nafasi ya kusoma Newcastle, anaondoka mwezi wa tisa. Huku kwetu Tanga, Ngamiani barabara ya 12, kila anayepita barazani ana lake. Huyu anasema Waingereza hawasalimiani, yule anasema ukienda kwao unapewa biskuti mbili na mlango unafunguliwa utoke. Mama tangu asikie hayo hali vizuri, anasema mwanawe atakufa na upweke. Mliopo huko, hebu semeni ukweli. Akifika aishi nao vipi?

MtuWaTreni
Niko London. Asubuhi mmebanana behewa zima, kila mtu kainamia simu yake. Asisalimie mtu, watamkimbia.

MpwaWaChumbageni
Mkuu hapo juu, London ni London. Dar nani alikusalimia kwenye mwendokasi?

Dada, mimi niko Gateshead, ukivuka mto Tyne tu umeingia Newcastle. Nahudumia wazee. Watu wa kaskazini-mashariki huku wanaongea mpaka uchoke wewe. Kituo cha basi, bibi usiyemjua anakuhadithia goti lake, mvua, mpaka mjukuu. Ukishuka basi unamshukuru dereva kwa sauti, na kila mtu anafanya hivyo. Wamama wa dukani watamwita mpenzi. Asijidanganye, na babu wa miaka 80 anaitwa hivyo hivyo.

Kitakachomshinda asipoelezwa ni zamu. Kwetu mgeni ni mgeni, mwenye nyumba anatoa chote, na ukitaka kulipa umemtukana. Wenzetu mambo yao ni kwa zamu. Kazini kuna birika la umeme na kila mtu ana kikombe chake (asiguse cha mwenzie, hasa chenye nembo ya Newcastle United). Ukiinuka kujitengenezea chai unauliza chumba kizima nani anataka. Huyu maziwa tone tu, yule sukari mbili, yule majani yakae mpaka iwe nyeusi. Chai yenyewe haina iliki wala tangawizi, kifuko cha majani na maji moto, basi. Alikuwepo kijana mmoja, mpole, hana neno na mtu, lakini za wenzie anakunywa na yeye hainuki. Hakuna aliyemwambia kitu. Waingereza hawakwambii. Wanaacha tu kukuuliza, na ukiona birika limechemka na jina lako halikutajwa, ujue kesi imeshahukumiwa.

Pabu nako ni hivyo hivyo. Akinywa soda hakuna wa kumlazimisha, lakini wakikaa wanne, kila mmoja kwa zamu yake huwanunulia wote. Kama dini inamzuia kununua pombe hata ya mwenzie, au mfuko ndio unaozuia, aseme mwanzoni kwamba anajinunulia mwenyewe. Ukisema mapema wanaelewa. Anayenunuliwa halafu akaaga, huyo atasemwa.

Hodi ya ghafla haipo, mtu anapigiwa simu kwanza. Na akiambiwa "lazima uje kwetu siku moja", asianze kupiga pasi kanzu. Mwaliko wa kweli una siku na saa. Akipewa, aende kwa saa hiyo hiyo na kitu mkononi, hata chokoleti.

Mama aambiwe na habari ya jua. Juni maghribi inakaribia saa nne usiku, Desemba inaingia kabla ya saa kumi jioni. Upweke wa wanafunzi wetu huanzia hapo, giza likishaanza Novemba. Atafute msikiti na watu mapema, asingoje baridi.

MbondeiGlasgow
Nyongeza: akija kutembea huku Uskoti, Mskoti asimwite Mwingereza. Na mwaka mpya aje aone, huku hata tarehe 2 Januari ni sikukuu. Kuna mila kwamba wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku awe mwanamume mwenye nywele nyeusi, kashika kipande cha makaa ya mawe. Bibi jirani yangu hunipa oda tangu katikati ya Desemba.

BintiNgamiani
Nimemsomea mama yote, pa birika kacheka. Sasa anauliza, amfungie iliki na tangawizi ya unga awapikie wenzie chai ya kwetu, au watamwona mshamba?

MpwaWaChumbageni
Amfungie, ya pakiti. Awaonjeshe mara moja. Watasema nzuri sana na nusu kikombe itabaki. Hiyo "nzuri sana" asiihesabu, zamu inayofuata awape yao. Koti anunue hukuhuku, la mitumba la Tanga haliuwezi upepo wa mto huu. Na Ijumaa usiku ataona vijana wa Newcastle wanatoka na mashati mepesi katikati ya Januari. Asiwaige, wale wamezaliwa nayo.